Mitumba Katika Bustani ya Kassel

Treni za kawaida kutoka Frankfurt hadi Kassel huchukua saa mbili na ushei. Agosti ile ya 2022 zilijaa pomoni, kwa kuwa tangu Juni serikali ya Ujerumani ilikuwa ikiuza tiketi ya euro 9 iliyomruhusu mtu kupanda treni za mikoani nchi nzima kwa mwezi mzima. Nilisimama karibu na mlango, nimebanwa kati ya baiskeli mbili na familia yenye mikoba ya kuogelea, nikitazama mashamba ya ngano yaliyokwisha vunwa. Ukame ulikuwa umeingia Ulaya. Nyasi za kando ya reli zilikuwa na rangi ya nyasi za nyika ya Taru kwetu mwezi wa Februari, na abiria wenyeji walizitazama kwa wasiwasi.

Nilikuwa nikifuata nguo kuukuu. Rafiki yangu wa Nairobi alinitumia picha kwa simu: marobota ya mitumba yamepangwa yakawa kuta, yamesimama juu ya majani ya bustani, na nyuma yake jengo refu la kifahari la watawala wa zamani. Mimi ni mtu wa Mombasa na marobota nayajua tangu utotoni. Shangazi yangu huyauza katika soko la Kongowea, na karo ya miaka yangu ya sekondari ilitoka humo. Picha ile ilinikaa rohoni. Nilikuwa na kazi ya wiki moja Frankfurt, nikaomba ruhusa ya siku mbili.

Kassel ni mji wa wastani kando ya mto Fulda. Oktoba 1943 mabomu ya Waingereza yaliteketeza sehemu kubwa ya katikati yake, na ukitembea mjini unaliona hilo hata leo: nyumba nyingi ni za baada ya vita, za haraka, zisizo na mapambo. Mwaka 1955 msanii na mwalimu Arnold Bode alianzisha hapo maonyesho ya documenta, ili Wajerumani waione tena sanaa ambayo Wanazi waliipiga marufuku na kuiita sanaa iliyooza. Siku hizi hufanyika kila baada ya miaka mitano na hudumu siku 100. Mji mzima hugeuka ukumbi: makumbusho, makanisa, karakana, vituo vya zamani vya reli, bustani.

Maonyesho ya 15 yalikabidhiwa ruangrupa, kundi la wasanii wa Jakarta. Badala ya kualika majina makubwa ya soko la sanaa walialika makundi, mengi yao kutoka Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, na wazo lao walilipa jina la ghala la mpunga la vijiji vya kwao, lumbung, ambamo ziada ya mavuno huwekwa kwa ajili ya wote. Nilipofika, maonyesho yalikuwa yamekwisha tikiswa. Bango la kundi moja la Indonesia lilikuwa na michoro ya kuwadhalilisha Wayahudi; lilishushwa mwezi Juni, na mwezi uliofuata mkurugenzi mkuu akaondoka. Hasira ya watu juu ya bango lile ilikuwa na haki yake. Lakini magazeti niliyoyaona hayakubakiza nafasi ya kitu kingine, na vitu vingine vilikuwepo.

Bustani ya Karlsaue iko chini ya kilima, unateremka ngazi kutoka mjini. Ni uwanja mpana wa majani ulionyooshwa kwa rula, wenye mifereji, safu za miti, na jengo la Orangerie ambamo zamani miti ya michungwa na milimau ilifichwa baridi isiiue. Mbele ya jengo hilo, kundi la The Nest Collective la Nairobi lilijenga banda la marobota na kuliita Return to Sender, kama lile agizo la posta la kumrudishia mtumaji mzigo wake. Kuta zilikuwa za marobota ya nguo yaliyoshindiliwa na kufungwa kamba, moja juu ya jingine. Majani ya pembeni yalitapakaa mafungu ya taka, na humo mlikuwa na mabaki ya vifaa vya umeme.

Nilizunguka nje kwanza, kwa taratibu, kama shangazi anavyozunguka robota kabla ya kutoa pesa. Hicho ndicho nilichofundishwa. Unatazama kamba, unatazama pembe, unasoma kinachochungulia: mkono wa sweta, ukingo wa jinzi, utepe wa gauni la sherehe. Watu wengine waliipita kazi ile wakipiga picha, wakaenda zao kukaa kivulini. Wengine waliingia ndani. Mlikuwa na skrini na mahali pa kukaa, na filamu ilikuwa ikieleza biashara hii kwa sauti za watu wa Kenya wanaoijua: nini huingia, nani hunufaika, nani hubaki na kisichouzika. Hapakuwa na muziki wa huzuni wala watoto wachafu wa kuwatia watazamaji machozi. Watu wazima walizungumza na watu wazima wenzao. Nilikaa nikaitazama hadi mwisho, kisha nikaitazama tena.

Karibu nami alikaa bibi mmoja wa Kijerumani, mzee wa miaka sabini hivi. Tulipotoka aliniuliza kwa Kiingereza ninatoka wapi. Nilipomwambia, uso wake ulibadilika. Alisema yeye huzifua nguo zake, huzipiga pasi, huzikunja, ndipo anazitia katika sanduku la kutolea msaada lililo mtaani kwake. Miaka yote alidhani zinaenda kwa mtu fulani anayezihitaji. Nikamwambia kwamba inawezekana kabisa blauzi yake imevaliwa Likoni kwetu Mombasa, na aliyeivaa aliilipia. Hakujua kwamba zinauzwa. Tulisimama pale juani tukizungumza kwa muda mrefu, na sikuona sababu ya kumpunguzia ukweli wala kumwongezea hatia. Alifanya alichoambiwa ni kizuri.

Mkondo wenyewe uko hivi. Nguo zikitoka sandukuni, kampuni za biashara huzikusanya na kuzichambua. Zilizo bora hubaki Ulaya, ziuzwe katika maduka ya nguo za zamani. Nyingine hushindiliwa na kusafirishwa, mara nyingi zikipitia Poland, Pakistan au Falme za Kiarabu ambako huchambuliwa upya, ndipo ziingie bandari ya Mombasa, Dar es Salaam au Tema ya Ghana. Ujerumani peke yake hukusanya zaidi ya tani milioni 1 za nguo kuukuu kwa mwaka. Kenya mwaka 2019 iliingiza tani 185,000 hivi. Na tangu Januari 1, 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo kando na taka nyingine, sheria njema kwa nia yake, lakini masanduku yatajaa zaidi, na sheria hiyo haikilazimishi kiwanda kushona nguo chache.

Hapo ndipo kazi ya The Nest Collective ilipogusa mfupa. Watu hawa hawakuingia katika suala hili jana. Kundi lao lilianza Nairobi mwaka 2012, limetengeneza filamu, limeandika kuhusu mavazi, na filamu yao ya 2014, Stories of Our Lives, ilipigwa marufuku Kenya. Kabla ya Kassel walishiriki, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na washirika wa Ujerumani na Ufaransa, katika mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya ng'ambo. Walipata zaidi ya 32,000. Baadhi ya matunda ya mradi huo yalionyeshwa Nairobi, Cologne na Frankfurt mwaka 2021. Miongoni mwa vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo ni Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo imo British Museum, London, hadi leo.

Weka miradi hiyo miwili bega kwa bega. Kilichotoka kwetu kilikuwa ngoma, vigango vya kuwakumbuka wafu, vito, silaha, vitu ambavyo kila kimoja kilikuwa na mwenyewe na kazi yake, na makumbusho yamekipa namba na kabati lenye hewa iliyopimwa. Kinachoingia kwetu hupimwa kwa kilo. Wasanii hawakulazimika kuliandika hilo ukutani pale bustanini. Mtu aliyejua kazi yao ya kwanza aliiona ya pili ikijibu.

Sanaa ya taka si ngeni kwetu, na nimeipenda kwa miaka mingi. Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, hutengeneza miwani ya ajabu kutokana na waya, vifuniko na vyuma alivyookota, na miwani hiyo imezunguka dunia. Ocean Sole ya Nairobi huchonga twiga na tembo kutokana na ndala zilizookotwa ufukweni. Lamu, fundi mashua Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la plastiki iliyotumika, wakalivika ndala 30,000 za rangi zote, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Nililiona na nililia, kwa kuwa ufundi wa babu zetu ulikuwa umebeba aibu ya zama zetu bila kupinda. El Anatsui wa Ghana ameunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya vikawa mapazia makubwa kama matanga.

Kazi hizi nazitukuza. Lakini kwa miaka kadhaa sasa kuna jambo linanisumbua kuhusu jinsi tunavyozipokea. Mgeni huja, hutazama taka zilizogeuka twiga, husifu ubunifu wa Mwafrika, hununua twiga, na suala huishia hapo. Sifa ile humpa nafuu. Taka imepata mwisho mwema, kwa hiyo waweza kutupa nyingine. Na mzigo wa kuitengeneza upya umebaki kwa yule yule aliyeipokea, ambaye sasa hatakiwi kuisafisha tu, anatakiwa pia aifanye ipendeze. Msanii halaumiwi kwa hili. Kosa ni letu sisi tunaoandika habari za wasanii na kuandika kila mara sentensi ile ile kuhusu uchafu uliokuwa dhahabu.

Banda la Karlsaue halikufanya chochote kipendeze. Robota lilibaki robota. Hapakuwa na ushonaji wala rangi, hapakuwa na ufundi wa kusifiwa ili mtu aondoke amefurahi. Nilimsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake kwamba hii si sanaa, ni mizigo tu. Nadhani aliielewa kazi ile kuliko alivyojua.

Alasiri niliingia documenta Halle, ambako Wajukuu Art Project kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, walikuwa wameubadilisha mlango. Jengo ni la kioo na zege, la kisasa, na wao waliufunika mlango kwa mabati yenye kutu mpaka ukawa njia nyembamba ya giza. Ilibidi uingie kama unavyoingia nyumba ya Mukuru, ukipapasa. Ndani, Ngugi Waweru wa kundi hilo alikuwa ametumia visu vilivyokwisha makali, vimenolewa na kunolewa hadi vikabaki vyembamba, akikumbuka methali ya Kikuyu isemayo kwamba kisu kikali mno humkata mwenyewe. Kila kisu kilikuwa kimekatia mtu mboga na nyama kwa miaka, hadi hakuna kilichobaki cha kunoa. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko popote pengine. Baada ya kutwa nzima ya nguo zilizotupwa zikiwa bado na vitambulisho vya bei, mbele yangu kulikuwa na vitu vilivyotumika mpaka vikaisha. Ndivyo nilivyolelewa: leso inakuwa mbeleko, mbeleko inakuwa kitambaa cha jikoni, na kitambaa hakitupwi hadi kimeshindwa kushika maji. Wajukuu walitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode mwaka huo, na kwa maoni yangu haikuwa zawadi ya huruma.

Siku ya pili nilivuka mto hadi Bettenhausen, mtaa wa viwanda, nikaona kanisa la Mtakatifu Kunigunde likiwa limejaa sanamu za Atis Rezistans wa Port-au-Prince: vyuma vya magari, matairi, misumari, mafuvu. Nilivutiwa, ila wazo langu lilikuwa limekwisha rudi nyumbani. Nikiwa njiani kwenda kituoni nilihesabu masanduku ya nguo kila kona niliyopita, mengine yamejaa hadi mifuko imewekwa chini, na barabara kuu ya maduka ilikuwa na mabango ya punguzo la bei la mwisho wa kiangazi, fulana kwa bei ya kahawa. Ule ndio mwanzo wa robota. Kiwanda kinashona zaidi ya kinachoweza kuvaliwa, bei inashuka, kabati linajaa, sanduku linajaa. Ghala la wale watu wa Jakarta linaweka ziada ili mwenye njaa ale. Ziada hii nyingine inasafirishwa ili mwenyewe asiione.

Na nguo zenyewe zimebadilika. Zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa duniani leo ni poliesta, yaani plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Mitumba ya utoto wangu ilikuwa mizito, ya pamba na sufu, na shati la mtumba lilimshinda kaka yangu kulirarua. Ya leo huisha katika maji ya pili. Kisichouzika katika soko la Gikomba, Nairobi, huishia ukingoni mwa Mto Nairobi, ambako matambara yameshindiliwa tabaka juu ya tabaka hadi ukingo umekuwa wa nguo, au huenda Dandora, jaa lililofunguliwa katika miaka ya 1970 na ambalo lilitangazwa kuwa limejaa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Bado malori yanaingia.

Serikali zetu ziliwahi kujaribu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba hadi ikome kufikia 2019, ili viwanda vya nguo vifufuke. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika, na serikali yao ikatishia kutuondolea nafasi ya kuuza bidhaa kwao bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika mpango huo. Kwa hiyo anayesema Waafrika wanaipenda mitumba aseme pia kwamba walipotaka kuikataa waliadhibiwa. Sisemi kwamba mitumba peke yake iliua viwanda vya nguo kama Kicomi ya Kisumu au Mwatex ya Mwanza. Pamba ilianguka, uongozi ulikuwa mbovu, milango ya soko ilifunguliwa kwa kishindo miaka ya 1990. Lakini kiwanda kilicholala hakiamki huku kontena zikishushwa kila siku.

Niliporudi Mombasa nilikwenda Kongowea na picha zangu simuni. Shangazi alikuwa amekaa juu ya robota, wateja wachache, jua la saa nne. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea ndoo nikalie. Nilidhani atacheka, au ataona fahari kwamba kazi yake imefika makumbusho. Alizitazama picha moja moja, akizikuza kwa vidole.

"Na waliyafungua?" aliniuliza.

"Hapana, shangazi. Yalikuwa yamefungwa vivyo hivyo."

"Basi hawajayaona." Aliligonga lile alilokalia. "Mwanangu, robota likiwa limefungwa hata mimi ni tajiri. Nikilitazama hivi najiambia humu mna suruali nzuri, mna magauni ya Idi. Ugonjwa wangu huanza kamba zikikatwa."

Akamwita kijana wake alete kisu. Sijui kama alikusudia kulifungua siku ile au alitaka nione. Kamba zilipokatwa robota lilivimba na kupumua harufu yake ile kavu ya dawa, na wanawake wa vibanda vya jirani wakakusanyika mara moja, wanaojua kuchagua kwanza. Kamera, yaani zile safi za mwanzo, zilikwenda kwa dakika chache. Kisha zikafuata za katikati, blauzi za kawaida, sketi zenye zipu mbovu. Kisha fungu la mwisho, fagia, na fungu hilo halikuwa dogo: fulana zenye madoa ya kwapani, soksi moja moja, sweta zito la theluji, fulana mpya kabisa za mkutano wa kampuni fulani zenye tarehe ya siku iliyopita zamani. Shangazi alizipanga kwa heshima ile ile aliyozipanga nazo za kwanza. Alikuwa amezilipia kwa kilo, bei moja, kilo 45 bila kuona ndani, na pesa ilikuwa ya chama cha kukopeshana.

Nilimwambia kuhusu yule bibi anayepiga pasi. Akamsifu. "Huyo nguo zake nazijua. Zinakuja zimekunjwa." Halafu akaniuliza kama wale vijana wa Nairobi wataalikwa tena huko. Nikamwambia huenda wakaalikwa kwingine.

"Waambie wakienda wapeleke muuzaji mmoja. Wazungu wapange foleni, kila mmoja anunue robota lake, limefungwa, kwa bei ninayonunua mimi. Walifungue pale pale bustanini, wachague, wauze mpaka jioni. Kitakachobaki waende nacho kwao."

Nimempa ahadi kwamba nitawafikishia, na nimeuandika ujumbe wake hapa kama alivyousema.